Kila Mtu Ana Neno Juu ya Mwili Wangu

Shangazi, shikamoo.

Nimeiandika barua hii mara tatu nikaifuta. Nina miaka 36, nimo katika ndoa mwaka wa 11, na nina binti wa miaka 9. Miaka mitatu iliyopita nilipata mimba ya pili. Nilijifungua kwa upasuaji, damu ikakataa kukata, wakanitoa kizazi ili nibaki hai. Mtoto aliishi siku mbili. Uamuzi ulipofanyika mimi nilikuwa chini ya nusukaputi. Aliyesaini fomu ni mume wangu. Najua alisaini ili nisife. Sijawahi kumlaumu.

Tangu hapo mwili wangu ukawa mazungumzo ya kila mtu. Madaktari waliujadili nikiwa nimelala palepale. Mawifi walikuja kuniona, macho yao yakaishia tumboni. Mama mkwe akaanza kumwambia mume wangu kwamba mwanamume hawezi kuishia na mtoto mmoja, tena wa kike. Mume wangu alikataa kuoa mke wa pili, na kwa hilo namshukuru. Lakini nilijiona kama nyumba ambayo watu wamesimama nje yake wakibishana kama ibomolewe au ipakwe rangi, na mwenye nyumba yumo ndani anawasikia. Nilikuwa naoga bila kujitazama.

Mwaka jana rafiki yangu alinivuta kwenye ukumbi ambako wanawake kama ishirini hukutana kila Jumamosi kucheza. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Siku ya tatu nikavua viatu. Sakafu ni ya saruji, ya baridi. Nilipoupiga mguu chini nilisikia mtikisiko ukipanda gotini, ukaingia kwenye nyonga, ukafika pale penye kovu, mahali palipokuwa na ganzi tangu siku ya upasuaji. Mwalimu akaniambia, "Usihesabu hatua. Sikiliza ngoma inakuomba nini." Nililia huku nacheza na hakuna aliyesimama kunishangaa. Jioni ile nilioga nikajitazama.

Mwezi uliopita tulifanya onyesho dogo mbele ya jamaa na marafiki, na kuna mtu alirekodi. Nilipoinua mikono blauzi ikapanda, kovu likaonekana. Klipu ya sekunde 40 ikafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mume wangu. Shemeji mkubwa akaitisha kikao. Wanasema mke wa mtu hanengui mbele za watu. Wanasema mwanamke aliyezika mtoto anaupata wapi moyo wa kucheza. Wanasema nimeivua nguo familia. Mume wangu alikaa kimya kikao kizima. Usiku akaniambia, "Mimi sikukatazi. Cheza, lakini chezea ndani." Nikamuuliza ndani wapi. Akazima taa.

Huku nako kundi letu linaandaa onyesho la tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, kwenye uwanja wa wazi. Ni dansi kuhusu mwili wa mwanamke na wote wanaojipa mamlaka juu yake. Kiongozi wetu ameniweka mstari wa mbele, katikati, na ameniomba nicheze tumbo wazi ili kovu lionekane. Anasema kovu langu linazungumza kuliko hotuba. Nilipomweleza ya kikao, akanijibu, "Ukijitoa sasa, wameshinda. Utakuwa umewaangusha wanawake wote walionyamazishwa kama wewe." Tangu siku hiyo silali vizuri. Kuna kitu katika maneno yake kilinichoma na siwezi kukipa jina.

La mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi binti yangu alikuwa anacheza jikoni, anaiga hatua zangu, mikono juu, macho ameyafumba. Mama mkwe akamshika mkono akamwambia, "Acha tabia za mama yako." Mtoto akashusha mikono, akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria na sikusema neno.

Nikicheza uwanjani, nahatarisha ndoa na mume ambaye hajanitesa. Nisipocheza, nahisi safari hii nitakuwa nimesaini mwenyewe. Nataka kucheza. Lakini sijui kama ni kwa ajili yangu, au ni kuwakomoa wakwe, au ni kwa sababu kiongozi amesema. Nifanye nini, Shangazi?

Mama wa Binti Mmoja

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto wako. Naanzia kwake kwa sababu umempa sentensi moja tu, na nina hofu kwamba hata huko nyumbani hakupewa zaidi ya hiyo.

Barua yako niliisoma asubuhi nikaiweka, nikaisoma tena jioni, na mara ya pili nilijikuta nahesabu. "Wanasema" imo mara tatu, na hapo sijaweka "anasema" ya kiongozi wako. "Nataka" imo mara moja, karibu na mwisho, na mara tu baada yake umeweka "lakini".

Nieleze nilivyokuelewa, na kama nimekosea utanisahihisha. Uamuzi mkubwa kuliko yote juu ya mwili wako ulifanyika ukiwa hujitambui. Ukaishi miaka miwili katika mwili ambao wengine ndio waliokuwa na la kusema juu yake. Ukapata sakafu ya saruji na ngoma, ganzi ikaachia, ukaanza kujitazama. Na sasa, kabla hujauzoea mwili huo vizuri, wamefika watu wa pande mbili. Mmoja anasema ufunike, mwingine anasema ufunue. Wanapingana kwa kila kitu, ila wote wawili wamekwisha kuamua tumbo lako lionekane vipi.

Huenda hicho ndicho kilichokuchoma katika maneno ya kiongozi wako. Sisemi ana nia mbaya. Nadhani anakupenda na anaamini anachokifanya, na katika jambo moja simpingi hata kidogo: wenye mamlaka hawajawahi kuiona dansi kuwa mchezo tu. South Carolina, katika Marekani ya leo, mwaka 1739, watumwa walioasi huko Stono waliandamana kwa ngoma na kucheza. Mwaka uliofuata sheria ikawakataza watumwa kupiga ngoma. Huwezi kutunga sheria juu ya kitu usichokiogopa.

Na kwa wale waliokuuliza unaupata wapi moyo wa kucheza na hali umezika mtoto, nakupa habari ya Chile. Mwaka 1978, chini ya utawala wa kijeshi wa Augusto Pinochet, wanawake ambao waume zao, wana wao na ndugu zao walikamatwa wasionekane tena walipanda jukwaani wakacheza cueca. Cueca ni dansi ya wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na leso mkononi, wanazungukana. Hawa walicheza peke yao. Mwanamke anazunguka, anapunga leso, anamgeukia mwenzake, na mwenzake hayupo. Pale anapostahili kusimama ni patupu. Ukumbi mzima unakitazama kile kipande cha sakafu kisicho na mtu. Mwaka uliofuata serikali ileile ikaitangaza cueca kuwa dansi ya taifa, lakini wale wanawake waliendelea kuicheza kwa namna yao. Msiba haukuwazuia kucheza. Msiba ndio waliokuwa wanaucheza. Sitashangaa ikiwa Jumamosi ile, ulipolia huku miguu inaendelea, nawe ulikuwa unamzika mtoto wako kwa mara ya kwanza.

Lakini angalia pia kwamba waliocheza walikuwa wenye msiba wenyewe, katika kundi lao wenyewe. Nalitaja hili kwa sababu ipo historia nyingine, ya karibu nasi, ambayo kiongozi wako angefanya vizuri kuifikiria. Kenya, mwishoni mwa mwaka 1929, Wakikuyu walikuwa na wimbo wa kuchezwa ulioitwa Muthirigu, wa kuwapinga wamisionari waliopiga vita tohara ya wasichana. Serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwaka 1930. Ulikuwa upinzani wa kweli, na walioucheza walikuwa na haki ya kuchoka kutawaliwa. Ila maneno yake yaliwadhihaki pia wasichana wasiotahiriwa. Wamisionari huku, wachezaji kule, na mwili unaogombaniwa ni wa msichana ambaye hakuulizwa. Ngoma inaweza kumpinga mtawala na papo hapo ikamkanyaga mwenye mwili.

Kwa hiyo anapokwambia "ukijitoa, wameshinda", muulize kwa upole: wewe ungeshinda nini nikicheza kwa kuogopa kukuangusha? Mwili ukiwa wako, ni wako hata mbele ya wanaoutetea. Unaweza kuwaambia ndiyo, unaweza kuwaambia hapana, na unaweza kuwaambia bado.

Sasa nirudi kwenye sentensi iliyonifanya niweke barua chini. Umeandika kwamba usipocheza, "safari hii nitakuwa nimesaini mwenyewe". Na juu kabisa, kabla mtu hajakuuliza, umeandika kwamba hujawahi kumlaumu mume wako kwa saini ile. Nakuamini. Lakini mtu anaweza kuelewa kwa nini uamuzi ulifanyika, akaushukuru hata, na bado akaumia kwamba haukuwa wake. Kuumia huko si lawama. Je, mmewahi kuizungumza ile fomu? Sina maana ya kuitaja tu. Nasema kukaa akakueleza alisimama wapi, nani alimpa kalamu, walimwambia nini, na yeye alifikiri nini kabla ya kuandika jina lake.

Nauliza pia, nani alimzika mtoto? Hukuandika. Ikiwa ni yeye, na wewe ulikuwa bado kitandani, basi yumo mtu katika nyumba hiyo aliyetia saini na akashika koleo ndani ya wiki moja, kisha akarudi kusikiliza mama yake akimwambia aoe mwingine. Inawezekana kovu lako linapotokea kwenye simu za ndugu zake, watu wengine wanaona mke wa fulani ananengua, naye anaona mwandiko wake. "Chezea ndani" inaweza kuwa aibu. Inaweza kuwa woga. Inaweza pia kuwa amri iliyovishwa maneno ya upole. Hayo hutokea, na sitakuficha. Mimi kutoka huku siwezi kujua ni ipi, na nadhani nawe hujui, kwa sababu alizima taa. Swali la "ndani wapi?" lilikuwa zuri. Ningependa aulizwe tena mchana, mtoto akiwa hayupo, na asiulizwe mbele ya kaka yake.

Kabla ya hapo nina jambo zito la kukuuliza, ulijibu moyoni mwako. Umesema hajakutesa. Je, yeye au kaka yake amewahi kukutishia, kukufungia ndani, kukunyang'anya simu, kusema utatolewa nyumbani bila mtoto? Kama hata moja limetokea, usianze na mazungumzo. Anza na mtu mmoja unayemwamini, mahali pa kulala wewe na binti yako, na vyeti vyenu mahali salama. Uwanja wa Machi unaweza kusubiri.

Kama hakuna hilo, basi tuitazame tarehe 8 yenyewe, kwa sababu umeandika kana kwamba ni ama kucheza mbele tumbo wazi, ama kuacha.

Kucheza kama ulivyopangiwa kunaweza kuwa kitu kikubwa kwako. Kovu ulilokuwa unaoga bila kulitazama, ukalibeba mwenyewe hadharani, juu ya miguu yako. Kama ndilo unalolitamani, sitakuwa mtu wa kukushusha. Ila ujue unachoingia nacho. Klipu ya sekunde 40 tu imekuletea kikao, na uwanjani kila mwenye simu ni mpiga picha. Iran, mwaka 2018, binti mmoja aliyekuwa akiweka mtandaoni video zake akicheza chumbani kwake alikamatwa, akaonyeshwa kwenye televisheni ya taifa akilia. Wanawake wengine wakajirekodi wakicheza ili kumuunga mkono, na hilo lilikuwa la kishujaa. Lakini video zikishatoka haziitiki ukiziita, na aliyelipa kwanza alikuwa yeye. Hatari yako si ya ukubwa huo, nakubali. Ipo hata hivyo: picha hiyo itaonwa na watu watakaoitafsiri wapendavyo, na siku moja mtoto mwenzake binti yako atamwonyesha shuleni. Je, angependa awe ameshaiona kwako kwanza?

Unaweza pia kucheza siku hiyohiyo ukiwa umevaa unavyojisikia salama, mstari wa tatu, bila kovu kuzungumzwa. Kiongozi anaweza kununa. Hapo utajifunza jambo kuhusu kundi lenu: kama mahali palipoanzishwa kutetea uamuzi wa mwanamke panavumilia mwanamke akiamua. Natumaini panavumilia. Wakwe nao huenda wakakasirika vilevile, kwa hiyo usilichague hili ukidhani litamridhisha kila mtu.

Na unaweza usicheze tarehe 8, ukabaki na Jumamosi zako. Wengi watakwambia huko ni kurudi nyuma. Mimi sioni hivyo moja kwa moja. Bibi Titi Mohamed, kabla ya siasa, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma Dar es Salaam. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, aliwafuata kwenye vikundi vya ngoma. Walikuwa wamekwisha kukusanyika humo kwa ajili yao wenyewe, wanajuana, wamezoea kupanga mambo yao bila kuomba ruhusa. Nguvu aliyoikuta ilijengwa pasipo mtazamaji. Ukumbi wako si mazoezi ya kungojea uwanja. Lakini njia hii nayo ina bei: familia inaweza kujifunza kwamba kikao kinafanya kazi, na kikao kijacho kikazidai Jumamosi zenyewe. Ukiichagua, sema mapema mpaka uko wapi, na mume wako ausikie kutoka kinywani mwako.

Kuacha kabisa nakuogopea, nakwambia wazi. Ulichokieleza, mtikisiko kupanda hadi penye ganzi, si ndoto. Marian Chace, mchezaji dansi wa Marekani, alianza kuwachezesha wagonjwa wa hospitali ya akili ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1942, wakiwemo watu ambao maneno yalikuwa yamewagomea, na kazi yake ni moja ya mizizi ya tiba ya dansi ya leo. Mwili uliofanyiwa mambo bila kuulizwa huhitaji mahali pa kutenda wenyewe. (Ukisikia maumivu penye kovu unapocheza, muone daktari, tena umuulize maswali yako yote safari hii ukiwa umekaa, si umelala.) Na kama wewe na mume wako mtashindwa kuongea peke yenu, mshauri wa ndoa anaweza kukaa katikati yenu. Msiba wa mtoto mchanga humaliza maneno ya watu wanaopendana kweli.

Nimebakiza binti yako, naye ndiye asiyeweza kungoja Machi.

Umemwona akishusha mikono, na yeye amekuona umeshika sufuria. Najua ule ukimya. Ni wa mtu anayepima kwa sekunde moja heshima ya mkwe, amani ya nyumba na moyo wa mtoto, na sekunde inapita. Usijichape. Ila mtoto wa miaka 9 hajui hesabu hiyo; yeye amejua tu kwamba kucheza kwa mama ni "tabia", na kwamba mama alipoitwa hivyo hakuitika. Unaweza kumrudia hata leo. Inama mlingane, umwambie kwamba bibi alisema neno lisilofaa, kwamba bibi tunamheshimu na bado neno lile halikuwa kweli, na kwamba wewe ulinyamaza na ulitamani usingenyamaza. Kama moyo unaruhusu, mwonyeshe kovu. Mwambie ndugu yake alipitia hapo. Sidhani amewahi kuambiwa. Na kuzungumza na mama mkwe, hilo ni la mwanawe. Mwombe alibebe yeye, kwani pale jikoni aliyeshikwa mkono ni mtoto wake pia.

Swali lako, kama ni kwa ajili yako au ni kuwakomoa au ni kiongozi amesema, sitakujibia. Inawezekana yote matatu yamo, na mchanganyiko huo si dhambi. Ninachokuomba ni kidogo. Jumamosi moja waombe ufunguo, ufike nusu saa kabla ya wenzako. Simu iache kwenye mkoba, mkoba uache kwenye lile benchi. Vua viatu. Cheza pasipo mtu, blauzi chini au blauzi juu, na usikilize kama mwili unaomba kuonwa, au unaomba kuachwa kwanza.

Kisha niandikie tena. Niambie binti yako alisema nini. Na barua hiyo uianze na "nataka", hata kama utakapoliandika utakuwa bado hujui neno linalofuata.

Wako,
Shangazi